Maswali ya Wasomaji: Mikono Yangu Inafaa Nini Kanisani?

Bwana Yesu asifiwe, wasomaji wangu.

Kwa mlioanza kusoma safu hii karibuni: mimi ni mama wa miaka 68. Nimekuwa fundi cherehani mjini Moshi kwa miaka mingi, na mzee wa kanisa kwa miaka 12 katika usharika wetu wa Kilutheri. Theolojia sikusoma. Ninayojibu hapa ni yale niliyoyaona nikiwa nyuma ya cherehani ya kukanyaga, na yale ambayo Neno la Mungu limenifundisha kila nilipolirudia. Mwezi huu nimechagua barua nne. Ya kwanza imeninyima usingizi, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi.

Shikamoo Mama. Nina miaka 27, ni msusi, na nina saluni ndogo hapa Mbeya. Kanisani kwetu tulikuwa na semina ya wiki nzima kuhusu vipawa. Siku ya mwisho tuligawiwa karatasi tuweke alama: kuimba, kuhubiri, kuombea wagonjwa, kufundisha Shule ya Jumapili, kupiga vyombo, kukaribisha wageni. Nilikaa na kalamu mkononi mpaka karatasi zikakusanywa, yangu ikiwa tupu. Sauti yangu si ya kwaya. Nikisimama mbele ya watu mdomo unakauka. Ninaishi chumba kimoja, wageni nitawalaza wapi? Nilirudi nyumbani nikalia. Je, mimi ndiye yule mtumwa wa talanta moja, au mimi sikupewa kabisa?
*Msusi, Mbeya*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kilio hicho. Nakifahamu.

Nikiwa na miaka 23 niliomba kuingia kwaya ya usharika. Nilikwenda mazoezini wiki tano. Jioni ya wiki ya sita mwalimu wa kwaya alisimamisha wimbo, akaninyooshea kidole mbele ya wenzangu, akasema sauti yangu inawapoteza, nisije tena. Kwa karibu miaka miwili baada ya hapo nilikuwa nafika kanisani ibada ikiwa imeshaanza, nakaa kiti cha nyuma kabisa, na kabla ya mnada wa ndizi na mayai ya sadaka kuanza pale nje nimeshaondoka. Nilikuwa nimejihesabu mtu wa kujaza kiti.

Aliyenitoa huko hakuwa mchungaji. Ilikuwa Januari, shule zimefunguliwa, na mama mmoja wa jumuiya yetu akaja kwenye kibaraza nilichokuwa nashonea akiwa na sketi ya mwanawe. Marinda yalikuwa yamechanika kuanzia kiunoni hadi pindo, na mtoto alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu hiyo. Hakuwa na hela. Nikamwambia akae. Ilinichukua kama dakika kumi. Asubuhi yake nilimwona yule binti akipita mbele ya kibaraza anakimbia, sketi imemkaa vizuri, anawahi namba. Mwezi ule ule wakaja wanne wengine. Basi nikatenga Alhamisi alasiri kwa ajili ya viraka, vifungo, zipu na kola za watoto wasio na mtu wa kuwashonea, na Alhamisi hiyo ilidumu miaka 19. Hakuna aliyenitangaza, wala hapakuwa na karatasi ya kujaza.

Ile karatasi yenu iliandikwa kwa nia njema, sina shaka. Lakini iliorodhesha kazi zinazoonekana Jumapili kati ya saa tatu na saa sita. Wiki ina siku nyingine sita, na huko ndiko watu wanakougulia, wanakofiwa na wanakolala njaa.

Sasa tuipime hiyo talanta unayoiogopa, ile ya mfano wa Yesu katika Mathayo 25, wa bwana aliyesafiri akawaachia watumwa wake watatu talanta tano, mbili na moja. Siku zile talanta ulikuwa uzito wa fedha, na moja ilikaribia dinari 6,000. Dinari moja ndiyo aliyolipwa kibarua kwa kutwa nzima, kama wale wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20. Piga hesabu. Yule aliyepewa kidogo kuliko wenzake alikuwa ameshika ujira wa karibu miaka 20! Katika mfano ule hakuna mtumwa aliyeondoka mikono mitupu, kwa hiyo hilo swali lako la pili liondoe kabisa moyoni. Na huyu wa talanta moja hakulaumiwa kwa kupewa moja. Aliogopa, akafukua, akafukia.

Halafu fanya jambo ambalo wengi hatulifanyi. Ukifika Mathayo 25 aya ya 30, usifunge Biblia. Endelea na ya 31. Mara tu baada ya habari ya talanta, Mwana wa Adamu anakaa kwenye kiti chake, na mambo anayoyataja ni njaa, kiu, ugeni, uchi, ugonjwa na kifungo. Basi. Mimi nimezoea kuisoma sura hiyo kama habari moja: fedha ya bwana tumekabidhiwa, na soko la kuifanyia biashara ni kwa hao watu sita. Ndiyo maana nawaambia vijana wa kwetu wasianze kwa kujipekua, “Mimi nina nini? Mimi nina nini?” Utajipekua mpaka uzee. Toka nje, mtazame mgonjwa, mtazame mfungwa, na mikono yako yenyewe itakumbuka inachokiweza.

Wewe ni msusi. Nikueleze kitu nilichokiona kwa macho yangu.

Dada yangu aliwahi kulazwa wiki saba baada ya kuvunjika paja. Mguu ulikuwa umetundikwa, hawezi kugeuka. Sisi ndugu tulimpelekea mtori, juisi, kanga safi, na maombi hatukumnyima. Lakini mtu anayelalia kisogo usiku na mchana nywele zake hugandamana mpaka zikawa kama kipande cha kapeti. Zake zilikuwa hivyo. Zilikuwa zinawasha na kutoa harufu, na yeye alikuwa mtu nadhifu maisha yake yote. Alianza kukataa wageni. Sisi tulidhani ni maumivu ya mguu. Binti mmoja aliyekuwa anamuuguza mama yake kitanda cha jirani ndiye aliyeelewa. Aliomba ruhusa, akatoa chanuo kwenye mkoba wake, akapaka mafuta ya nazi, akaanza kufumua kutoka ncha kuelekea kwenye shina, taratibu, kichwa cha dada kikiwa kwenye mapaja yake. Ilichukua saa mbili na zaidi. Kisha akamsuka twende kilioni, mistari minane tu. Dada aliomba kioo. Siku hiyo jioni alikula mwenyewe, na usiku akalala.

Yule binti hakuhubiri hata neno moja. Dada yangu ameshatangulia mbele ya haki, lakini mpaka anakufa alikuwa anamtaja katika sala, na jina lake hatukuwahi kulijua.

Kwa hiyo, mwanangu, nenda hospitali iliyo karibu nawe siku ambayo saluni haina wateja wengi. Usiingie tu wodini. Mtafute muuguzi mkuu wa wodi ya wanawake, jitambulishe, mweleze unachotaka kufanya, na uombe akupangie saa ambayo haigongani na dawa wala kusafisha vidonda. Yeye ndiye atakayekuonyesha nani asiguswe. Mgonjwa anayenyonyoka nywele kwa sababu ya dawa kali usimkaribie na chanuo. Huyo mfunge kilemba laini kama atapenda. Nawa mikono kabla na baada ya kila mgonjwa. Beba machanuo kadhaa, na yaliyotumika yaoshe kwa sabuni na uyaloweke kwenye dawa ya kuua vijidudu. Usipeleke dawa za kulainisha nywele wala rasta. Usivute kwa nguvu, maana mgonjwa mara nyingi hana nguvu ya kukuambia anaumia. Na simu yako ibaki mkobani. Mtu aliyelala hoi hataki picha yake izunguke mjini.

Ukishaenda mara mbili au tatu, wachukue na wasichana wa saluni yako. Kuna siku utaumwa wewe, na wale mabibi watakuwa wanasubiri.

Ile karatasi, wakiigawa tena mwakani, usiitafutie kisanduku. Chini kabisa andika kwa mkono wako: “Nasuka wagonjwa.”

Mama, shikamoo. Mimi ni fundi umeme, Morogoro, nina mke na watoto watatu. Miaka miwili iliyopita nilifunga umeme wa kanisa letu jipya bila malipo, kwa moyo wote. Mwaka jana nikafunga wa nyumba ya mchungaji, pia bila malipo. Sasa kuna ukumbi mkubwa, kazi ya wiki tatu au nne, na kamati ya ujenzi imeniambia, “Hii ndiyo talanta yako, Mungu atakulipa.” Mke wangu amenyamaza, na kimya chake nakielewa: ada ya mtoto wa sekondari bado, na kodi ya fremu inakaribia. Je, ni dhambi nikiomba kulipwa kazi ya kanisa?
*Fundi, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Si dhambi. Nalisema hilo mwanzo kabisa ili mke wako alisikie mapema.

Niliwahi kuletewa vitambaa vya majoho ya kwaya, majoho 46, zikiwa zimebaki wiki tatu kabla ya tamasha. Maneno niliyoambiwa yalikuwa hayo hayo uliyoambiwa wewe, kama vile yameandikwa mahali na kila kamati inayasoma. Niliona aibu kukataa. Nilishona usiku kwa taa ya chemli umeme ulipokatika. Uzi na vifungo nilinunua kwa fedha yangu. Sare za wateja wangu zilichelewa, na wateja wawili wakubwa, wa sare za wafanyakazi, walihama wasirudi. Wiki ya tatu mgongo ulikataa kabisa, nikamalizia majoho sita ya mwisho nikiwa nimesimama. Siku ya tamasha kwaya ilipendeza mno. Nilikaa pale nikitazama majoho yangu, na sikuweza kufurahi. Nilikuwa na uchungu kwa wale watu, na uchungu ule ulinikaa zaidi ya mwaka. Nilipoungama kwa mchungaji aliniuliza, “Mama, hiyo ulitoa au ulinyang’anywa?” Nikashindwa kumjibu.

Swali hilo nakupa na wewe. Kanisa la kwanza ulitoa. Umesema mwenyewe, kwa moyo wote. Sadaka hiyo ni yako na hakuna atakayeifuta. Hii ya ukumbi, jipime.

Na kamati za ujenzi zinazosoma hapa, nawaomba mfungue 2 Samweli 24. Daudi alihitaji uwanja wa Arauna Myebusi ajenge madhabahu. Arauna alikuwa radhi kutoa vyote bure: uwanja, ng’ombe, hata vyombo vya kupuria viwe kuni. Mfalme angeweza kupokea na kusema asante. Alikataa. Alisema hatamtolea Bwana sadaka isiyomgharimu kitu, akalipa shekeli 50 za fedha. Sasa sisi tunafanya kinyume chake. Usharika mzima unataka kumtolea Mungu ukumbi, lakini gharama imwendee fundi mmoja na watoto wake. Waumini 400 wakishindwa kuchangia ujira wa mtu mmoja kwa wiki tatu, huo ukumbi umetolewa na nani? Bwana Yesu mwenyewe alisema mtenda kazi amestahili kupewa ujira wake, na alikuwa anawasema watu waliotumwa kazi ya Mungu.

Hilo linaniuma, fundi, kwa sababu nimeona mafundi wazuri wakihama makanisa kimyakimya. Watu husema wamepoa kiroho. Wengine walichoka tu kuitwa kwa ajili ya mikono yao, na siku mtoto wao alipolazwa hawakuitwa na mtu.

Fanya hivi. Usiende kwenye kamati na maneno matupu. Kaa na mkeo kwanza, mpige hesabu ya kazi yote: siku ngapi, vifaa gani, ujira wako wa kawaida kwa siku. Amueni wote wawili ni siku ngapi za kazi hiyo mnamtolea Mungu. Zinaweza kuwa tatu, zinaweza kuwa tano, zinaweza pia kuwa sifuri kwa mwaka huu, na Mungu anajua ada ya sekondari inavyobana. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba nia ikiwapo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho, si kwa asicho nacho. Kisha iandike kwenye karatasi: hizi siku ni sadaka ya nyumba yetu, hizi ni za ujira, na vifaa vyote ni juu ya usharika. Mkabidhi mwenyekiti wa kamati mbele ya mchungaji, kwa heshima, bila hasira. Ukiandika, hakuna atakayesema baadaye kwamba mlielewana vingine. Wakikuambia wana fundi mwingine wa bure, waache wamchukue, na Jumapili ukae kiti chako kama kawaida.

Kuna jambo lingine ningependa uliombee. Besaleli, yule fundi wa hema la ibada katika kitabu cha Kutoka, ndiye mtu wa kwanza ambaye Maandiko yanasema Mungu alimjaza roho yake ili afanye kazi ya ufundi: dhahabu, shaba, vito, mbao. Watu hukumbuka hapo tu. Lakini sura ya 35 aya ya 34 inaongeza kwamba yeye na Oholiabu, fundi mwenzake, walitiwa moyoni kufundisha. Je, katika usharika wenu hakuna vijana wawili waliomaliza shule na wanashinda kijiweni? Omba uwachukue kwenye ukumbi huo kama wasaidizi. Kwenye meni swichi wasiguse mpaka wawe tayari, lakini kuchimba ukuta, kupitisha mabomba na kuvuta waya watajifunza. Ukumbi utakapokwisha, usharika utakuwa na taa, na nyumba mbili zitakuwa na kijana mwenye mkono wa kazi. Kwangu mimi hiyo ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza.

Na kama moyo wako bado unataka kutoa bure kabisa, naamini unataka maana barua yako inaonyesha, basi muulize mzee wa mtaa wako ni nyumba ya mjane gani ina waya uliochubuka au soketi inayotoa cheche. Nyumba kama hiyo haina kamati ya ujenzi wala bahasha za ahadi. Kazi ni ya asubuhi moja. Huko toa bila kuandika popote.

Shikamoo Mama. Nina miaka 19, naishi Mwanza. Mdogo wangu ni kiziwi, kwa hiyo tangu utotoni najua lugha ya alama. Kanisani kwetu viziwi wamefika saba sasa, nami huwatafsiria mahubiri. Nilianza nikiwa nimekaa nao kiti cha nyuma, lakini hawaoni vizuri, wakaniomba nisimame mbele karibu na mimbari. Jumapili mbili tu, mama mmoja wa kikundi cha maombi akaniambia najionyesha, na kwamba mikono yangu inawaondoa watu kwenye Neno. Nimerudi nyuma. Nina hatia?
*Dada wa kiziwi, Mwanza*

Marahaba, binti yangu. Huna hatia, na kesho kutwa Jumapili urudi mbele.

Bwana alikataza kufanya wema ili tutazamwe na watu. Wewe unatazamwa kwa sababu wasipokutazama hawapati Neno. Kutazamwa kwako ndiyo kazi yenyewe, kama vile sauti ya mhubiri ni ya kusikiwa. Hakuna anayemwambia mhubiri anajionyesha kwa kuwa ameshika maiki. Bwana huyo huyo alisema taa huwekwa juu ya kiango iwaangaze wote waliomo nyumbani, na hao saba wamo nyumbani.

Huyo mama msomee Marko 7, kuanzia aya ya 31. Watu walimletea Yesu kiziwi mwenye utasi. Angeweza kusema neno tu, lakini mtu yule asingelisikia. Akamtenga na mkutano, akamtia vidole masikioni, akamgusa ulimi, akatazama juu mbinguni. Vyote hivyo ni vitu vya kuonwa na kuguswa. Kabla ya kutamka “Efatha”, yaani “Funguka”, Bwana alizungumza naye kwa mikono. Kila nikifika hapo nasimama kwanza.

Msomee kwa upole. Mara nyingi mtu kama huyo hajawahi kukaa karibu na kiziwi hata mara moja. Mwalike akae katikati yao ibada moja.

Kwa upande wa kazi, mwombe mchungaji taa ikuangukie usoni na mikononi, isikutokee mgongoni. Usisimame mbele ya dirisha lenye mwanga, utaonekana kivuli. Vaa nguo isiyo na maua wala mistari, yenye rangi inayoachana na rangi ya ngozi yako, ili vidole visipotee. Omba muhtasari wa mahubiri na orodha ya nyimbo tangu Jumamosi; kumtafsiria mtu usiyejua anakoelekea kunachosha mno. Na usitafsiri ibada nzima peke yako. Wakalimani wa lugha ya alama kwa kawaida hupokezana kila baada ya kama dakika 20 hadi 30, maana akili na mikono huchoka pamoja. Kwa hiyo anzisheni darasa dogo baada ya ibada, wewe na mdogo wako. Yeye ndiye awe mwalimu, wewe msaidizi. Ni lugha yake.

Nimefikiria jambo moja zaidi kuhusu hao saba. Wamekuwa wakipokea tafsiri. Je, kuna aliyewauliza wao wana nini cha kutoa? Mmoja wao akisoma somo la siku kwa alama mbele ya usharika, na wewe ukalisema kwa sauti, basi siku hiyo sisi tunaosikia ndio tutakaokuwa tunatafsiriwa.

Tumsifu Yesu Kristo, dada yangu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nina miaka 76, niko nje kidogo ya mji wa Bukoba. Macho yangu yamefifia, kitabu sikisomi tena, na miguu hainifikishi kanisani ila nikibebwa kwa pikipiki. Nilifundisha darasa la kwanza hadi la tatu karibu maisha yangu yote. Sasa nakaa barazani toka asubuhi. Nimebaki na nini cha kumtumikia Mungu?
*Mwalimu mstaafu, Bukoba*

Milele amina. Shikamoo, Mwalimu.

Una masikio, na una miaka yote ile ya kusikia mtoto anapokwama. Hicho ndicho kitu ambacho watoto wa jirani zako hawakipati. Darasa likiwa limejaa, mwalimu hana nafasi ya kumsikiliza kila mmoja akisoma kwa sauti mpaka mwisho wa ukurasa. Wewe muda unao, na macho huyahitaji. Wao ndio watakaokuwa macho yako.

Mtume mjukuu au jirani awaambie wazazi wa karibu kwamba jioni, watoto wakishachota maji, Mwalimu anahitaji wasomaji. Liseme hivyo hivyo, kwamba unahitaji, kwa sababu ni kweli. Mtoto anayejua anamsaidia mzee husoma kwa moyo kuliko anayejua anapimwa. Wawili wawili wanatosha kwa siku moja, nusu saa. Mmoja asome, mwingine afuatilie kwa kidole, kesho wabadilishane. Mzazi mmoja awe karibu, hata kama anachambua maharage tu pale uani, ili kila mtu awe na amani.

Waanze na Zaburi ya 23, maana wewe unaijua kwa moyo na utalisikia kila neno linaloruka. Baadaye wachague wenyewe, hata kitabu chao cha shule. Na hili unalijua kuliko mimi, Mwalimu, lakini nalisema kwa sababu ya wengine watakaotaka kukuiga: mtoto akikosea, mwache afike mwisho wa mstari kwanza, ndipo umwombe akurudie.